Mafuta ya Magoti Kutoka Ulaya

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kisu kifupi, roli ya selotepu na kitambaa cha kupangusia mizani. Ilikuwa ofisi ya kupokea na kutuma mizigo mjini Kakamega, chumba kimoja chenye kaunta ya mbao mbele na stoo nyuma. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikakaa nyumbani nikilima na mama, na sikuwa nimezoea kuzungumza na watu nisiowajua. Karani Mkuu, mwanamke mnene aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Unaitwa nani?"

"Imali."

"Sema kwa sauti. Hapa hatupokeangi mizigo ya kunong'onezewa."

Watu wanafikiri kumbukumbu za kazi ni za wenye mvi. Mimi sina mvi, lakini kazi ile nimeshaiacha na sitairudia, na wapo vijana wanaoianza leo wakidhani ni kubandika stika tu. Hao ndio ninaowaandikia, pamoja na wale wenye ndugu ng'ambo.

Alichotaka Karani Mkuu siku ile ni kunifundisha kitu kilichoitwa kusema mzigo. Mtumaji huweka mzigo wake juu ya kaunta ukiwa wazi, kisha anataja kwa mdomo wake kilichomo, kimoja kimoja, nawe unatazama. Akimaliza kusema, ndipo unafunga. Selotepu hupita mara mbili kwa njia ya msalaba, na pale inapokutana mtumaji anatia sahihi juu yake, ili mtu akiikata njiani ionekane. Mzigo ulioletwa umeshafungwa tuliuita bubu. Bubu hapandi gari mpaka afunguliwe.

Nilijifunza pia kupakia. Mayai hulazwa ndani ya pumba. Kuku hai husafiri kwenye tundu, hata kama mwenyewe anaapa kwamba kuku wake ni mpole. Asali haiwekwi karibu na nguo. Siku moja mzee kutoka Bukura alileta mche wa mparachichi na kudai aandikiwe "abiria", kwa kuwa alitaka uketi dirishani. Karani Mkuu alimjibu bila kucheka: "Mzee, abiria hulipa nauli ya mtu. Wewe unataka tulipishe mti?" Mzee akafikiri, akasema basi aende kama mzigo.

Nilipozoea, Meneja alinihamishia Malava. Meneja tulikuwa tukimwona mara chache, akiwa amevaa viatu visivyokuwa na vumbi, na kila alipokuja, mtu mmoja alihamishwa. Huko Malava nilikuwa chini ya Msimamizi, mwanajeshi mstaafu aliyepiga pasi hata soksi. Yeye alinifundisha kutumia pua. Petroli, alisema, hujificha ndani ya chupa ya sharubati lakini harufu yake haijui kujificha. Chang'aa vilevile. Na bangi, ambayo wenyewe waliisokomeza ndani ya gunia la kunde au katikati ya dagaa wa omena, alinionyesha siku ambayo polisi walikuja kuchukua gunia la namna hiyo. Alinivuta karibu.

"Nusa. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi hiyo ndiyo bangi. Ukiisikia tena, usiguse, usiulize, niite."

Kwa hiyo bangi niliijua hivyo: majani makavu, harufu nzito, na watu wanaotazama pembeni wanapokuletea gunia. Sikuwahi kuambiwa, wala Msimamizi mwenyewe hakuwahi kuambiwa, kwamba inaweza kuja ndani ya chupa nzuri yenye kijiti cha kioo cha kudondoshea matone, mikononi mwa mwanamke anayekutazama machoni.

Nilirudishwa Kakamega wakati Karani Mkuu alipoanza kuugua mgongo na kuhitaji mtu wa kuinua mizigo. Ndipo walipokuja Mama Zainabu na binti yake Hadija.

Mama Zainabu alikuwa mteja wetu wa muda mrefu, mjane kutoka Matungu, mtu wa kufuga kuku na kuuza ndizi. Hadija, mtoto wake wa pekee aliyebaki hai, alikuwa Ulaya akiwatunza wazee katika nyumba ya wazee. Huko, alivyotueleza baadaye, kazi yake ilikuwa kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na ndiyo iliyokuwa ikijenga nyumba ya mama yake na kuwasomesha watoto wa marehemu kaka yake. Sasa alikuwa amekuja likizo.

"Asalaam aleikum," alisema Mama Zainabu, akaingia bila kushika ukuta. Hapo kabla alikuwa akishikwa mkono ili avuke kizingiti.

"Waaleikum salaam, mama," Karani Mkuu alimjibu. Hakuwa Mwislamu, lakini wateja wa Mumias na Matungu walikuwa wamemzoesha. "Mbona leo unatembea kama msichana? Umeolewa tena?"

"Wacha utani wako! Nimeletewa dawa. Miaka mingi nilikuwa naswali kwenye kiti. Juzi nimesujudu, paji la uso hadi chini, na nikainuka mwenyewe. Alhamdulillahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona kweli."

Hadija aliweka katoni juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na vichupa vidogo vya kahawia, vikopo vya mafuta mazito ya kuchua, na paketi za peremende za jeli. Walitaka kuvigawa mafungu matatu: fungu moja liende Lumakanda kwa mama mdogo wa Hadija, la pili Malava kwa rafiki wa mama wa tangu ujana, la tatu Mumias kwa mke wa imamu.

Hapa msomaji asiye wa kwetu lazima aelewe jambo. Mtu akitoka mbali, zawadi yake haiwi yake wala ya yule aliyemletea. Hutandazwa, hutangazwa, na hugawiwa. Anayekula peke yake kitu kilichotoka ng'ambo huonekana mchawi au mchoyo, na baina ya hayo mawili sijui lipi ni baya zaidi. Hadija aliijua desturi hiyo, ndiyo maana hakununua chupa moja ya magoti ya mama. Alinunua katoni nzima.

"Haya, semeni mzigo," nilisema.

Hadija alisema vizuri, kwa utaratibu. Mafuta ya matone, unaweka mawili chini ya ulimi. Mafuta ya kupaka. Peremende za kumsaidia mtu kulala. Niliinua kichupa kimoja kwenye mwanga. Kwenye lebo palikuwa na herufi za CBD, na pembeni picha ya jani lenye vidole. Jani nililitambua. Nikakinusa. Kilinukia kama nyasi zilizokatwa asubuhi, basi.

"Dada Hadija, hili jani..."

Alicheka, si kwa dharau. "Najua unachofikiria. Hata mimi mara ya kwanza nilishtuka. Ni mmea wa ukoo huo, lakini wametoa kile kinacholevya. Kule tunauziwa dukani, karibu na sabuni. Wazee wangu wote wanatumia."

"Na uwanja wa ndege?"

"Nilipita nayo. Mkoba ukaingia kwenye mashine, ukatoka. Hakuna aliyeniuliza."

Nilimwita Karani Mkuu kama nilivyofundishwa. Alivaa miwani, akageuza kichupa huku na huku. "CBD mimi najua ni katikati ya mji wa Nairobi," alisema. Akaitazama ile orodha iliyobandikwa ukutani ya vitu tusivyopokea: petroli, risasi, baruti, pombe haramu, bangi. Akaitazama tena chupa, kisha akamtazama Mama Zainabu aliyekuwa amesimama wima, bila mkongojo, akitabasamu kwa meno aliyokuwa nayo. "Hii ni dawa ya magoti. Funga, Imali. Na Hadija, hakuna hata moja ya mgongo wangu?"

Mama Zainabu alichukua kopo moja kutoka fungu la Malava, akaliweka mkononi mwa Karani Mkuu kabla hajamaliza kusema. Nikafunga mizigo. Hadija akatia sahihi juu ya msalaba wa selotepu, mara tatu.

Kilichotokea Lumakanda tulikisikia baadaye. Mama mdogo naye alifanya kama desturi inavyotaka, akaligawa fungu lake kwa wanawake wa chama chake. Mmoja wao alikuwa na shinikizo la damu na akimeza vidonge kila siku. Alikuwa mwangalifu. Hakutaka kuchanganya dawa bila kuuliza, kwa hiyo alibeba kichupa chake hadi kwenye zahanati na kumwonyesha daktari. Daktari alisoma lebo, akamuuliza kimetoka wapi, naye akaeleza kila kitu kwa moyo mweupe. Daktari akapiga simu polisi. Simlaumu. Nimejaribu kutafuta wa kumlaumu katika mlolongo huu wote, na kila ninayemfikia namkuta ametenda lililo jema.

Sajini mmoja aliyekuwa akichechemea mguu wa kushoto alifika ofisini kwetu pamoja na konstebo. Alikuwa na ile katoni ya Lumakanda, stika yetu ikiwa bado juu yake.

"Nani alifunga huu?"

"Mimi, afande."

"Uliona ndani?"

"Niliona."

"Uliambiwa ni nini?"

Nikamwambia nilivyoambiwa. Karani Mkuu alitoa kopo lake kwenye mkoba mwenyewe, akaliweka juu ya kaunta. Sajini hakupaza sauti hata mara moja. Alituambia kwamba sheria yetu haimuulizi mtu kama kitu kinalewesha. Inautaja mmea, na kila kinachotolewa ndani ya mmea, uwe mafuta, uwe utomvu, uwe peremende. Kama huna ruhusa ya serikali, huna ruhusa. "Kule kununua ni halali, sikatai," alisema. "Lakini sheria ya kule haipandi ndege."

"Na uwanja wa ndege walimwachilia," nilisema. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

"Hawakumwachilia. Hawakumwona. Hayo ni mambo mawili."

Aliniomba nipande gari lao niwaonyeshe nyumba ya watumaji. Njia nzima hadi Matungu, miwa pande zote, nilikuwa nikiomba tuwakose nyumbani. Hadija alikuwa amebakiza siku chache tu kurudi kazini kwake, na nilijua kwamba hati yake ya kufanya kazi kule ilitegemea arudi kwa wakati. Alinieleza mwenyewe siku ile, nikiwa nafunga mizigo yao.

Tuliwakuta. Mama Zainabu alikuwa uani akichambua mboga, na alipoona sare hakuogopa hata kidogo, kwa maana hakuwa na la kuogopa. Alitukaribisha sebuleni. Aliniambia, "Karibu mwanangu, umeniletea wageni," na maneno hayo nimeshindwa kuyasahau. Chai ikaletwa, na mahamri.

Sajini alikunywa kidogo kwa adabu. "Mama, tumekuja kwa sababu ya dawa aliyoleta binti yako."

"Ah! Habari imefika hadi polisi!" Uso wake uling'aa. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na sinia. Juu ya sinia alikuwa amepanga vichupa vilivyobaki, makopo na peremende, kama mtu anavyopanga vikombe. Akaiweka katikati ya meza, kando ya chai.

Wakati huo Hadija alitoka jikoni. Aliona sare, aliona sinia, akanitazama mimi. Alielewa yote mara moja.

"Mama," alisema taratibu, "nyamaza kwanza."

"Ninyamaze kwa nini? Nimeiba?" Mama Zainabu alimgeukia Sajini. "Huyu mtoto ni mwoga. Hajaleta kidogo. Ametosheleza watu. Nimempa dada yangu wa Lumakanda, nimempa mke wa imamu, nimempa mwalimu wa madrasa, nimempa jirani yangu huyo wa mabati mapya hata kama hatusemezani vizuri. Hakuna atakayesema mtoto wangu alirudi mikono mitupu."

Kila jina alilotaja, konstebo aliliandika. Mama aliona anaandika, akadhani wanaheshimu neno lake. Akaanza kutaja polepole ili aweze kuandika vizuri.

"Mama, tafadhali," Hadija alisema tena.

"Na wewe afande, nimeona unachechemea." Mama alichukua kichupa kimoja, akamnyooshea. "Chukua. Matone mawili chini ya ulimi. Mpelekee na mama yako."

Sajini aliutazama mkono ule uliokunjamana vidole. Hakuupokea mzigo wake. Alisema, karibu kwa kunong'ona, "Mama, weka chini. Usinipe. Ukinipa unaongeza."

"Naongeza nini?"

"Kosa."

"Kutoa ni kosa?"

"Kwa kitu hiki, mama, ndiyo. Mwenye kukaa nacho ana kosa. Mwenye kumpa mwenzake, hata bure, hata ndugu, sheria inamwita mlanguzi."

Alibaki ameshika chupa hewani. Hadija alikuja, akaitoa mkononi mwake taratibu, akairudisha kwenye sinia. Kisha akamwambia Sajini: "Hii dawa ni yangu. Nimeileta mimi, na nimeigawa mimi. Mama ni mtu mzima, hajui anachosema." Ilikuwa mara ya kwanza, naamini, kumsema mama yake vibaya mbele ya watu.

Walimchukua. Pasipoti yake ilichukuliwa pia. Mimi nilipelekwa kituoni kuandika maelezo, nami niliandika niliyoyaona, kwa mwandiko wangu wa taratibu, konstebo akisubiri.

Hadija alilala rumande hadi dhamana ilipopatikana, na dhamana ilichelewa, kwa sababu mdhamini lazima awe na mali ya kuweka na watu waliopokea zawadi ile walikuwa wamejificha. Mke wa imamu alisema hakupokea kitu. Yule jirani wa mabati mapya ndiye aliyeleta hati ya shamba lake, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Vichupa vilipelekwa kwa mkemia wa serikali, ambaye kazi yake ni kupima vielelezo na kuieleza mahakama ni kitu gani. Majibu yake yalichukua muda mrefu. Likizo ya Hadija ikaisha. Waajiri wake walimwandikia mara mbili kwa upole, mara ya tatu wakamwandikia kwamba nafasi imepata mtu mwingine.

Siku ya kesi niliitwa kama shahidi wa upande wa mashtaka. Nilivaa gauni la kanisani, nikakaa kwenye benchi la nje ya mahakama nikirudia moyoni nitakayoyasema. Wakili wa Hadija, kijana mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, alisimama naye hatua chache kutoka nilipokuwa. Hawakujali kwamba nawasikia.

"Mkemia amesema ni bangi kisheria," wakili alisema. "Ingekuwa chupa moja, ningesimama niseme ni ugonjwa wa mzazi, mahakama ione huruma. Katoni nzima inaonekana biashara, hata kama hukuuza hata tone."

"Na nikikana?"

"Ukikana, kesi inaendelea. Mwendesha mashtaka atataka kuonyesha nani aligawa, lini, kwa nani. Majina yapo. Na aliyeyataja ni mama yako, kwa mdomo wake, mbele ya maafisa wawili na huyu dada wa mizigo. Wanaweza kumfungulia mashtaka yake mwenyewe."

"Na nikikubali?"

"Nimezungumza nao. Watapunguza shtaka liwe la kupatikana na dawa hizo, si ulanguzi. Naweza kuomba kifungo cha nje. Lakini utakuwa umetiwa hatiani, Hadija. Ukiomba cheti cha tabia njema polisi, hilo litaonekana. Na bila cheti hicho hakuna nchi itakayokupa kazi ya kutunza wazee."

Hadija hakufikiri kwa muda mrefu. "Mama hatapanda kizimbani," alisema. "Andika nakubali."

Wengi wameniuliza mbona sikusimama hapo nikaenda nyumbani, ili upande wa mashtaka ukose shahidi. Nilitamani. Lakini ushahidi wangu haukuwa na kazi tena. Sikuitwa hata jina.

Ndani, shtaka lilisomwa. Hadija alisimama kizimbani akiwa amejitanda leso nyeupe, akaulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Hakimu alimuuliza kama anaelewa maana ya kukubali. Alisema anaelewa. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo mafupi, na katika maelezo yale hapakuwa na sala, hapakuwa na magoti, hapakuwa na chai. Vilikuwa vichupa kadhaa, makopo kadhaa, paketi kadhaa.

Kabla hakimu hajaandika, Mama Zainabu alisimama kutoka benchi nililokaa naye. Alichukua muda kusimama, kwa kuwa magoti yalikuwa yamerudia hali yake.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyofika kila pembe, "na mimi niandikwe. Yeye alinunua, mimi ndiye niliyegawa. Hakugawa hata moja. Mtoto wangu anasema uongo ili aniokoe."

Wakili alifumba macho. Hadija aligeuka na kumtazama mama yake kwa uso ambao sitaki kuueleza.

Hakimu aliweka kalamu chini. Akasema, "Mama, keti. Mahakama haijakuita, kwa hiyo mahakama haijakusikia." Karani wa mahakama hakuandika kitu. Nilimshika mama mkono, nikamketisha.

Hadija alipewa kifungo cha nje. Kila wakati uliopangwa alipaswa kufika kwa afisa wa kumsimamia, aseme yuko wapi na anafanya nini. Watu walitupongeza nje ya mahakama, wakasema Mungu ni mkubwa, angefungwa. Ni kweli, angefungwa. Hadija alishukuru kila mmoja, kisha akauliza choo kiko wapi, akakaa humo hadi tukamfuata.

Mimi niliendelea na kazi kwa muda. Meneja alikuja na viatu vyake, akatuletea amri mpya: mzigo wowote wenye dawa kutoka ng'ambo usipokelewe bila barua ya daktari na ruhusa ya wizara. Ni amri nzuri. Ningependa ingekuwako mapema. Karani Mkuu alistaafu mwaka uleule kwa sababu ya mgongo, na mimi nikakaa kaunta peke yangu. Ila kitu kilikuwa kimeharibika. Mama mmoja akiniletea unga wa uji wa mjukuu wake, nilimuuliza maswali kama mwizi. Mtu akifurahia zawadi mbele yangu, mimi nilikuwa natafuta jani kwenye lebo. Nilianza kuwaogopa watu waliokuja na mikono iliyojaa. Nikaona afadhali niwaachie wengine, nikaandika barua ya kuacha kazi, nikarudi kwenye shamba na ng'ombe mmoja.

Kwenu mnaoishika kazi hii: someni lebo, na mkisoma msielewe, msione aibu kukataa. Kwenu mlio ng'ambo: dawa ya mzazi ulizieni huku kabla ya kununua huko. Kuna dawa za magoti hospitalini kwetu. Si za ajabu, lakini hazimnyimi mtoto wa mtu kazi yake. Msiniambie kwamba haileweshi. Hata Sajini alijua haileweshi.

Nilikwenda Matungu mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, nikiwa nimebeba ndizi. Hadija alikuwa uani akimnawisha mama yake miguu ndani ya karai, akikikunja kila kidole na kukinyoosha, kazi aliyokuwa akilipwa kuifanya kwa wazee wa watu wengine. Alinisalimia vizuri. Aliniambia watoto wa kaka yake wamerudishwa nyumbani na shule kwa ajili ya karo, lakini watapata njia, Inshallah. Kisha akaenda kuniwekea chai.

Mama Zainabu alisubiri mpaka mlango wa jikoni ufungwe.

"Miaka yote ile," aliniambia, "nilikuwa namwomba Mungu anirudishie mtoto wangu akae karibu nami. Kila sala. Sasa yuko hapa. Asubuhi nafungua macho, nasikia anafagia uani, na kitu cha kwanza ninachotamani ni asiwepo."

Hadija alirudi na vikombe. Mama akapokea chake kwa mikono miwili, akasema asante.